Dakika Kumi na Moja za Salamu

Nilikuwa opereta wa foni mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, kwa miaka mitatu ya vita, na kazi ile ilinitia ukali ambao sikuzaliwa nao. Mama yangu anasema nilizaliwa nao. Basi tuseme kazi iliunoa tu.

Wenye simu mbili mfukoni leo hawaijui foni, kwa hiyo nieleze. Ilikuwa redio ya kijivu iliyokaa juu ya meza katika ofisi ya kanisa letu, yenye mikro ya kushika mkononi na kitufe ubavuni, na visikizio vya masikio ambavyo nilivifunga kwa uzi wa fundi viatu baada ya kuvunjika. Waya wa antena ulitoka dirishani, ukavuka ua, ukafungwa kwenye mkalitusi nyuma ya kanisa. Umeme wetu ulikuwa batri ya lori iliyopata nguvu kutoka bamba la jua juu ya mabati, na asubuhi za ukungu, ambazo Butembo hazihesabiki, batri ile iliamka na uvivu kunishinda. Simu za waya zilikuwa zimekufa zamani. Mtu aliyetaka kujua kama mwanawe wa Manguredjipa bado anachimba dhahabu au amekwisha kuzikwa alipanda kilima, akaja kwangu.

Vituo vyetu vilikuwa vitano: Butembo, Beni, Manguredjipa, Lubero na Kyondo. Vyote vitano vilitumia njia moja ya hewani. Mmoja akibonyeza kitufe na kusema, wengine wote wananyamaza na kungoja zamu yao. Tena wenye silaha waliotawala mji siku zile walitupa ruhusa ya kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita, basi, kwa sharti moja: mambo ya familia na ya kanisa tu, na pasiwe na neno lolote juu ya barabara wala askari. Tulijua wanasikiliza. Siku moja mmoja wao alisahau kidole chake kwenye kitufe, tukamsikia anakohoa katikati ya habari za ubatizo.

Saa hizo nne ndizo watu wa mji mzima walizigombania. Nilikuwa nafika ofisini saa moja na nusu nikikuta baraza imejaa, na kila mmoja ana mtu wake mbali, na kila mmoja anadhani jambo lake ni la kwanza. Nikirudi nyumbani mchana masikio yalikuwa bado yanavuma. Mama ananiuliza kitu, namjibu kwa sauti ya kupiga kelele. Nilichoka kwa namna ambayo usingizi hauitoi.

Wazo la kupima halikuwa langu. Lilikuwa la fundi wa Beni, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba, ambaye alishika kituo cha kule na ndiye aliyetengeneza redio zote tano zilipoharibika. Alipanda siku moja mpaka Butembo na madaftari mawili ya shule, moja langu, moja lake. Wakubwa wa kanisa walitaka kujua kama kuna haja ya kutafuta redio ya pili na njia ya pili, naye hakutaka kuwajibu kwa kukisia.

"Binti yangu," aliniambia kwa Kiswahili chetu cha kule, ambamo watu ni batu na lakini ni mais, "utapima vitu bibili. Kwanza, mu saa moja, jumbe ngapi zinapita. Pili, mutu mumoja anangoja wakati gani, tangu anakupa neno mpaka jibu inarudia. Batu banazichanganyaka, mais hazifanane."

Nilimwambia naelewa. Sikuwa nimeelewa kitu.

Jumapili iliyofuata, watu wakiwa ibadani, mimi nikiwa Butembo na yeye amekwisha kurudi Beni, tulipima kwa mara ya kwanza. Nilisema "moja, mbili, tatu", naye akajibu "tatu, mbili, moja", nikiangalia saa ya ukutani. Nusu dakika, kwenda na kurudi. Tulirudia mara kumi, ikawa nusu dakika zote kumi. Nilifurahi mno. Nikachukua kipande cha katoni, nikaandika kwa makaa BENI: NUSU DAKIKA, nikakitundika mlangoni ili Jumatatu watu wajue wana opereta wa namna gani.

Jumanne, mtu aliyengoja jibu la Beni kwa saa mbili na nusu aliking'oa kile kipande, akaniletea mezani bila kusema neno. Nikamweleza fundi hewani. Alicheka mpaka akakohoa.

"Ulipima njia wakati batu balikuwa kanisa," alisema. "Njia haina mutu, hata chukudu ya mbao yenye magunia inapita mbio. Pima siku ya soko. À vous." Ndivyo tulivyopishana hewani: zamu yako, sema.

Basi nilipima siku za soko, majuma mawili mfululizo. Nilichora mistari daftarini: saa aliyonipa neno, saa niliyolituma, saa jibu liliporudi. Na ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitegemea. Watu sita wakija kwa saa, hakuna aliyengoja sana. Wakija wanane, kila mmoja alingoja kidogo. Lakini wakifika kumi na wawili, kungoja hakukuongezeka kidogo. Kulivunjika kabisa, na aliyekuja wa mwisho alirudi nyumbani bila jibu, akarudi kesho yake kuwakuta wengine. Watu wachache tu wa ziada waliharibu siku ya wote.

Na nani alikula wakati? Nilidhani hewa mbaya, au batri, au uvivu wa opereta wa Lubero, ambaye nilikuwa tayari kumlaumu kwa lolote. Daftari likasema hapana. Salamu ndizo zilizokula. Mnande, mtu wa kabila letu, hawezi kumwambia mjomba wake "tuma mafuta" hivi hivi. Lazima aulize ameamkaje, na nyumba imeamkaje, na mke, na mama wa mke, na yule mgonjwa wa mwaka jana, na mvua, na mahindi, na mchungaji. Naye wa upande wa pili lazima ajibu yote, halafu aulize yote hayo upya kutoka kwake. Kisha mmoja anavuta pumzi, anasema, "Sasa sikia," na neno lenyewe linatoka, sekunde kumi, limekwisha.

Nilimpelekea fundi hesabu. Tukakubaliana, yeye na mimi, na wakubwa wakatia mkono: siku za msongamano hakuna salamu. Maneno kumi na mawili, basi. Wafanyakazi wa ofisi wenye ujumbe wao wenyewe watakuwa wa mwisho. Kutoka jumbe tisa kwa saa tukafika kumi na sita. Wakubwa walinisifu mbele ya kanisa, na nakiri nilijivuna. Nilizoea kusema "Bila salamu! Sema neno!" kwa sauti ambayo sasa nikiikumbuka naona haya.

Watu walinung'unika, lakini walitii. Aliyenung'unika kwa upole kuliko wote alikuwa mama mmoja mjane, muuza kabichi, ambaye nyumba yake ilikuwa mteremko mmoja chini ya ofisi. Mwanawe wa kwanza, mwanaume mzima mwenye watoto wawili, alikuwa anateremka Beni kununua mafuta ya mawese, halafu anapanda nayo Butembo kwa lori kila baada ya majuma mawili. Kituo chetu cha Beni kilikuwa kando ya maegesho ya malori, na yule mwanaume hakupanda lori hata siku moja kabla ya kupita pale na kumuaga mama yake hewani. Ndivyo alivyolelewa. Mama alijua siku zake, akaja kungoja sauti yake.

Siku nilipomkatiza salamu kwa mara ya kwanza, alishusha mikro akanitazama.

"Binti yangu, kwetu habari bila salamu ni ya kilio," alisema. "Mutu akianza kukupa neno bila kukusalimia, unakaa chini kwanza, ju usianguke. Wee hukufundishwa?"

"Nilifundishwa, mama. Mais batu makumi mbili biko nyuma yako."

Aliguna, akahesabu maneno yake kumi na mawili kwa vidole, akayasema, akaondoka. Tangu siku ile, nilipomsomea jibu lolote la mwanawe, alikaa kwanza kwenye benchi. Nilidhani ananitania.

Mimi nilikuwa na mdogo wangu huko huko Beni. Alikwenda kumsaidia mama yetu mdogo aliyevunjika mguu, kwa majuma mawili tu, na vita vikayafanya miezi mitatu. Tulikuwa wawili tu tuliotoka tumboni mwa mama. Katika miezi ile mitatu sikuzungumza naye hata mara moja kwenye foni ile ile niliyoishika kila siku. Mfanyakazi ni wa mwisho, na wa mwisho saa sita inamkuta bado anangoja. Nilimtumia neno kupitia fundi, fundi akanirudishia neno: yu mzima. Sauti yake sikuisikia. Nilijiambia huo ndio uaminifu.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya siku ya soko. Dereva mmoja aliyetoka Beni usiku na lori tupu alifika sokoni jua halijachomoza, akasema ameona watu wenye bunduki penye kona, katikati ya njia, na si wale wa kizuizi cha kila siku. Walimwacha apite kwa kuwa hakuwa na kitu. Uvumi wa namna ile tuliupata karibu kila juma, madereva wa Beni walikuwa wameshachoka hata kuuogopa, na hewani hatukuruhusiwa kuutaja. Kila mtu angeweza kumwambia mtu wake tu: usije leo.

Saa mbili kasoro dakika kumi baraza ilijaa. Wa kwanza alikuwa mama wa kabichi. Siku hiyo ndiyo mwanawe alikuwa apande, na lori la saa nne. Aliniambia neno lake: "Usipande leo, mama anasema ungojee mpaka nikuite." Niliandika daftarini, namba moja. Wengine waliokuwa na watu Beni, watu wao walikuwa wa lori la mchana. Mdogo wangu naye alikuwa apande saa nne, arudi nyumbani. Niliandika neno langu chini kabisa, namba ishirini na sita. Naomba nihesabiwe hilo.

Lakini njia haikuwa wazi. Sauti tusizozijua zilikuwa zinasoma namba kwa Kilingala juu ya njia yetu, namba, namba, kimya, namba tena. Mwenye bunduki haombwi apishe. Nilikaa na visikizio masikioni, mama wa kabichi ameketi kwenye benchi nyuma yangu, kikapu kitupu mapajani. Saa tatu ikapita. Saa tatu na nusu. Saa nne kasoro dakika kumi zile namba zikakoma ghafla.

"Beni, Beni, hapa Butembo. À vous."

"Butembo, hapa Beni," fundi alijibu. "Binti, mudogo yako iko hapa mbele yangu. Anataka kukuaga mbele ya kupanda lori. Nimupe mikro?"

Niligeuka. Nilimtazama mama wa kabichi na nikainua kidole kimoja, yaani dakika moja tu. Yeye, ambaye hakusikia upande wa pili kwa kuwa visikizio vilikuwa masikioni mwangu, aliitikia kwa kichwa.

"Mupe," nilisema.

Na neno lenyewe lilikuwa fupi. "Usipande leo. Mama anasema ubakie. Umesikia? À vous." Akasema, akiniita dada yake mkubwa kwa neno la kwetu, "Nimesikia, yaya. Sipande." Hesabu iko daftarini: chini ya nusu dakika, sawasawa na Jumapili ile ya moja mbili tatu. Nilipaswa kusema "terminé", yaani nimemaliza. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Ndipo aliposema, kwa ile sauti yake ya pua ambayo tulikuwa tukimchekea tangu utotoni:

"Wavukire, yaya."

Umeamkaje. Basi. Nilikuwa nimewakatiza watu wangapi kwenye neno hilo hilo? Nilifungua mdomo nimkatize naye, nikasikia najibu kwamba nimeamka vizuri, na mama ameamka, na wewe je.

Siwezi kueleza zaidi ya kwamba nilikuwa nimechoka na nilikuwa nampenda. Nilimuuliza mguu wa mama mdogo. Aliniuliza kikohozi cha mama. Aliniuliza kuku wake mweupe, nikamwambia tulimchinja Pasaka, akalalamika, nikacheka. Alisema amenenepa. Alisema huko joto linamtoa vipele shingoni. Aliniimbia kipande cha wimbo ambao kwaya ya huko iliuleta, sauti ikakatikakatika, akaanza upya. Nilimwambia nimechoka. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mama. Alisema, "Pole, yaya," nami nikalia, mikro mkononi, mbele ya baraza nzima iliyokuwa inachungulia mlangoni. Hakuna aliyenikatiza. Kila niliyemfokea majuma yale yote alisimama pale akangoja nimalize salamu zangu.

Nilipotazama saa ilikuwa saa nne na dakika moja.

"Nipe fundi," nilisema. "Haraka."

Fundi alipokuja nilimsomea neno la namba moja.

"Alikuwa hapa ku benchi, anangoja kuaga," alisema. "Lori ilipiga honi mara tatu. Ametoka sasa hivi. Ameniachia neno: mama, nimekwenda, usihangaike kuniulizia. À vous."

"Kimbia, papa! Umurudishe!"

Nilisikia njia tupu inavuma. Nilihesabu kwa kuwa nilishazoea kuhesabu: dakika tatu. Alirudi anahema kama mtu aliyebeba gunia.

"Bamekwisha kwenda," alisema.

Nilivua visikizio nikamwambia mama wa kabichi, moja kwa moja, bila salamu. Alikuwa ameshaketi. Alikunja kitambaa chake cha kichwa vizuri.

"Mudogo yako anabakia?" aliuliza.

"Anabakia, mama."

"Aksanti kwa Mungu," akasema, akachukua kikapu chake, akateremka.

Niliendelea na namba mbili, na tatu, hadi saa sita. Kumi na sita kwa saa, bila salamu. Katika mstari wa zile dakika kumi na moja niliandika "hewa mbaya".

Saa nane mchana mtu wa pikipiki alileta habari. Lori la saa nne lilipigwa risasi kwenye kona na kuchomwa na mafuta yake yote. Wengi walikimbilia porini wakaokoka. Wawili hawakuokoka. Mmoja wao alikuwa mwana wa mama wa kabichi.

Kesho yake alikuwa wa kwanza tena. Alikuwa amejifunga kitenge kiunoni kwa namna ya wafiwa, na macho yake yalikuwa makavu. Alitaka kumwita kaka yake aliyekuwa Manguredjipa aje kwenye maziko. Nilisimama nimpe pole na kumsalimia vizuri, kwa mara ya kwanza tangu sheria ile. Aliinua mkono.

"Leo tuma vile unatufundishaka," alisema. "Bila salamu."

Nilituma. Maneno tisa. Njia ilikuwa wazi, hewa safi. Opereta wa Manguredjipa akauliza kitu ambacho bado nakisikia.

"Butembo, hii ni kilio ya kweli, ao ni ile sheria yenu?"

Kwa kuwa nilikuwa nimezifanya habari zote zifanane, watu hawakuweza tena kuitambua ya msiba. "Ni kilio," nilijibu. Sekunde arobaini, kwenda na kurudi. Ni ujumbe uliopita haraka kuliko jumbe zote za watu wa baraza katika daftari lile.

Majuma mawili baadaye fundi alipanda kutoka Beni, mdogo wangu akiwa pamoja naye garini, tukafurahi na kulia kwa siku moja. Siku ya pili tulikaa ofisini na madaftari yetu mawili, yeye la kwake, mimi la kwangu, tukilinganisha mstari kwa mstari, maana upimaji wa upande mmoja hauaminiki. Tulifika kwenye asubuhi ile. Langu liliandikwa: dakika kumi na moja, hewa mbaya. La kwake: dakika kumi na moja, salamu.

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

"Hewa ilikuwa muzuri siku ile, binti."

Nilifunika ule mstari kwa kiganja.

"Na mi nilikuwa hapo," alisema. "Nilimuona mwana wa ule mama ku benchi, anasikiliza honi. Ningeweza kugusa mudogo yako ku bega, nimwambie atoke. Sikumugusa."

"Ju ya nini, papa?"

"Mulikuwa munasalimiana," alisema, kana kwamba nimeuliza swali la kitoto. Kisha akanisukumia kalamu. "Andika vile ilikuwa. Bakubwa bakisoma hewa mbaya, batatupa antena mupya, na taabu yetu haiko antena."

Nilifuta, nikaandika "salamu". Redio ya pili hatukuipata, wala antena. Lakini baada ya kuandika neno lile kwa mkono wangu sikuweza tena kukaa kitini. Asubuhi ile ile nilimwachia fundi meza, nikateremka kwa mama wa kabichi.

Alikuwa uani anamenya viazi. Aliponiona alisimama, akapangusa mikono, uso ukafunguka.

"Wavukire, binti yangu. Mama anaamuka je? Kile kikohozi?"

"Mama," nilisema, "niache salamu kwanza. Niko na neno."

Kisu kilimponyoka. Alirudi nyuma hatua moja, akatafuta kigoda kwa mkono bila kukiangalia, akakaa.

"Ni nani tena?" aliuliza.

Nilipiga magoti kwenye maganda ya viazi. "Hapana mutu, mama. Hapana mutu mupya. Nisamehe." Nikaanza tangu mwanzo. Nilimwamkia, nikauliza nyumba, nikauliza wale wajukuu wawili, nikauliza mgongo wake na kabichi zake na mvua, naye alijibu moja moja, polepole, mpaka pumzi yake ikatulia. Ndipo nikamwambia: nilikuwa na nusu dakika ya kusema neno langu, nikachukua kumi na moja, na mwanawe alikuwa kwenye benchi upande wa pili.

"Najua," alisema. "Nilikuwa nyuma yako. Niliona saa."

"Juu ya nini haukunikata?"

"Mutu anakataka salamu ya mwenziye?" Aliokota kisu, akakiangalia, akakiweka kando. Nilidhani amemaliza. Halafu akasema, "Mais mi nilisikia upande wako tu. Mudogo yako, yeye alikuwa anasema nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia mguu wa mama mdogo, na kuku mweupe, na vipele vya shingoni, na wimbo wa kwaya uliokatika mara mbili, na "pole, yaya". Sikuacha kitu. Alisikiliza yote hadi mwisho, mikono juu ya magoti.

"Basi mulisalimiana muzuri," alisema. Akavuta sufuria karibu, akaniambia nimsaidie kumenya viazi vilivyobaki.